Mikataba ya biashara iandikwe Kiswahili, sisi tunaoisoma na wateja tunaona yanayotokea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua yangu ni ndefu ila usiikate sana maana hili jambo linanikera muda mrefu na sioni mtu akiliandika. Mimi ni mwanasheria mwanafunzi hapa Dodoma. Digrii ya sheria nimemaliza, Lo Skuli kule Dar, shule ya mafunzo ya uwakili baada ya digrii, nimepita, sasa hivi nipo kwenye ofisi moja ya mawakili mjini najifunza kazi huku nasubiri siku ambayo Jaji Mkuu atatuapisha. Ofisi yetu inafanya zaidi mambo ya biashara, yani kusajili kampuni, mikopo, mikataba ya mauzo, kudai madeni, viwanja. Watu wakisikia nasomea uwakili wanajua nashinda mahakamani nimevaa joho nabishana, hapana, mimi nashinda na karatasi. Na hizo karatasi karibu zote ni za Kiingereza wakati wenye nazo karibu wote Kiingereza hawakisomi. Ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Siku yangu ilivyo ni hivi. Nakaa Nkuhungu, saa moja na nusu asubuhi nakuwa nimeshafungua ofisi, nimewasha prinita, nimeingia kwenye mfumo wa Mahakama kuangalia kesi zetu za siku hiyo ziko mbele ya nani na zimekuja kwa ajili gani, kutajwa, kusikilizwa au hukumu. Senia, yani wakili anayenisimamia, akiingia anakuta mafaili yapo mezani na vielelezo vimewekwa alama. Kama kuna kitu cha kupeleka Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki nakimbia nacho. Kama kuna kesi inasikilizwa naenda nakaa nyuma naandika kila kinachosemwa, kusimama mbele ya hakimu siruhusiwi na muhuri sigongi mpaka niapishwe. Nikirudi kuna BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, mtu anataka kampuni, tunaingiza namba za NIDA za wakurugenzi, jina linakataliwa kwa sababu linafanana na la mwingine, tunaanza upya, tunasubiri kontrol namba. Kuna kwenda ardhi kufanya sechi ili tujue hati inayowekwa dhamana haina zuio wala rehani ya mtu mwingine. Kuna TRA, kulipia ushuru wa stempu, na hili watu wengi hawalijui kabisa, mkataba ambao ulitakiwa kulipiwa ushuru wa stempu na haujalipiwa mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ulipiwe na adhabu yake juu, mtu anakuja na mkataba wa miaka mitatu anataka kushtaki na karatasi haina stempu hata moja.

Hizo kazi mi sizilalamikii, nazipenda, kila siku najifunza kitu. Posho za wanafunzi ni mjadala mwingine, nitauandikia siku yake. Kazi ninayotaka kuisema leo ni ile ambayo chuoni hakuna aliyenitajia kwamba ipo, na ndiyo inayokula nusu ya siku yangu. Ni kukaa na mteja pale mapokezi, viti viwili vya plastiki, na kumsomea kwa Kiswahili mkataba ambao yeye ameshausaini.

Mwanzoni mwa msimu alikuja mama mmoja kutoka Mpunguzi, huku barabara ya Iringa, ana ekari 2 za zabibu. Wanaozijua zabibu za Dodoma wanajua tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu ikishaiva haikusubiri, ukikaa nayo siku chache inaharibika, kwahiyo mkulima aliyefika kwa mnunuzi gari limeshapakia hana tena nguvu ya kubishana bei, atakayoambiwa ndiyo hiyohiyo. Ndiyo maana mkataba kabla ya mavuno ni kitu kizuri na mi siupingi hata kidogo. Mama huyu alikuwa na mkataba na mnunuzi mmoja, kurasa 11, Kiingereza mwanzo mwisho. Kila ukurasa una saini yake kwa kalamu ya bluu, herufi moja moja zimetengana, za mtu aliyejifunza kuandika jina lake na akajifunza vizuri. Aliniambia kijana aliyeleta mkataba kijijini alimwonyesha sehemu mbili tu, mama hapa ni bei na hapa ni saini.

Na bei ilikuwa ya kweli, hakudanganywa. Ila ukurasa wa 6 kuna kipengele kinasema mnunuzi anaweza kukataa mzigo au kupunguza bei kama sukari ya zabibu iko chini ya kiwango, na kwamba kipimo cha mnunuzi ndicho cha mwisho. Ukurasa wa 9 kuna kingine kinasema mgogoro wowote utapelekwa kwenye usuluhishi Dar es Salaam na gharama za msuluhishi kila upande utalipa nusu. Mama alipeleka mzigo, ukapimwa ndani, yeye yuko nje, akaambiwa sukari haijafika, ikakatwa karibu theluthi ya hela yake. Sasa amekuja kudai.

Nikaanza kumsomea taratibu. Nilipofika ukurasa wa 6 akaninyooshea mkono.

"Mwanangu, rudia hapo."

Nikarudia.

"Hiyo mbona hakunisomea?"

Nikakosa la kumjibu. Akakaa kimya kidogo alafu akaniuliza, "Kwahiyo karatasi ndiyo imesema hivyo, na mimi ndiyo nimekubali?" Nikamwambia ndiyo mama, kisheria saini yako inasema umekubali. Hakulia wala hakugomba. Alizipanga zile kurasa moja moja mpaka kona zikalingana, akazirudisha kwenye bahasha ya kaki, akauliza nauli ya kwenda Dar sasa hivi ni shilingi ngapi. Treni ya SGR inakuja Dodoma tangu 2024 na imerahisisha safari kweli, lakini mtu anayedai hela ya ekari 2 hawezi kupanda treni kwenda na kurudi alafu alipe na nusu ya msuluhishi, hata akishinda atakuwa amemaliza.

Mhariri, sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 13, inasema watu wanahesabiwa kuwa wameridhiana pale wanapokubaliana jambo lilelile kwa maana ileile. Sheria hii asili yake ni ile ya India ya 1872 ambayo Waingereza walituletea huku, na hicho kifungu tulikariri wote mwaka wa kwanza, tukakijibia mtihani tukafaulu. Jambo lilelile kwa maana ileile. Sasa mtu ambaye ameonyeshwa bei na sehemu ya kusaini, ukurasa wa 6 ameukubali kwa maana gani? Najua jibu la kiofisi, kwamba mtu mzima aliyesaini anabanwa na saini yake, asipothibitisha udanganyifu au shinikizo. Na anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Unaanza kutafuta nani alikuwepo siku ile, na yule kijana aliyeleta mkataba ameshahama kazi yuko mkoa mwingine.

Sio wakulima tu. Kuna fundi wa aluminiamu wa Chang'ombe, kijana mwenye karakana na vijana wanne chini yake, alipata kazi ya madirisha kwa mkandarasi mwenye tenda ya serikali. Miaka hii Dodoma inajengwa kila kona, Mtumba huko ofisi na ofisi, kwahiyo mafundi wadogo wanapata vipande vya kazi za wakubwa na ni jambo la kushukuru. Amefunga madirisha yote, ameonyesha picha, amekaguliwa, miezi saba hajalipwa. Kila akipiga simu anaambiwa subiri. Nikaufungua mkataba wake, upo wazi kabisa, kipengele kinasema yeye atalipwa pale mkandarasi mkubwa atakapolipwa na mwenye jengo. Sentensi moja hiyo, katikati ya aya ndefu inayoongelea ankara. Aluminiamu alikopa dukani kwa mtu, na mtu wa duka hana mkataba wa namna hiyo, yeye anataka hela yake mwisho wa mwezi. Kijana akaniambia dada, mi ningejua nisingekataa kazi, ningeomba advansi ya vioo na aluminiamu tu, basi. Yani angeelewa angejua la kuomba. Hilo neno lake nimekaa nalo sana.

Mikopo ya kausha damu, ile midogo ya riba ya kuumiza, sitaiongelea sana maana imeandikwa mno, niseme tu kwamba Benki Kuu imeshaweka ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi kwa hawa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, na mikataba ninayoletewa inaandika hivyohivyo 3.5 mahali panaposomeka, alafu chini kwa Kiingereza kuna ada ya kushughulikia maombi, kuna ada ya ufuatiliaji, kuna ada ya kuchelewa kwa siku, na mama anayeuza mboga Majengo hawezi kujua kwamba zile ndizo zinamla.

Sasa sikiliza ninachoshindwa kukielewa. Mwaka 2021 Bunge, hapahapa Dodoma, lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na lugha ya mahakama, Kiingereza kikabaki pale tu inapobidi kwa ajili ya haki kutendeka. Aprili 2025 hapahapa Dodoma likazinduliwa Toleo la Urekebu la 2023, yani sheria zetu kuu zilizochapwa upya na marekebisho yake yote ndani, tukaanza kulitumia Julai mwaka huohuo. Yote hayo ni mazuri. Nakaa nyuma mahakamani nasikia hakimu anaongea Kiswahili, wakili msomi anauliza kwa Kiswahili, shahidi anajibu kwa Kiswahili, unasema kweli nchi imebadilika. Alafu kinatolewa kielelezo P1, yani cha kwanza cha upande wa mdai, ambacho ndicho wote wanakigombania, ni Kiingereza kitupu. Shahidi anapewa karatasi yake mwenyewe, aliyoisaini mwenyewe, anaulizwa ulielewa nini kwenye kipengele cha 12, anaiangalia kama mtu aliyepewa eksirei ya kifua chake. Anaona kuna kitu pale ila anasubiri mtu amwambie ni nini.

Kwahiyo sheria imehamia kwenye Kiswahili, mahakama imehamia, mkataba umebaki. Na umebaki kwa sababu hakuna anayemlazimisha mtu, wafanyabiashara wako huru kuandika mkataba kwa lugha wanayotaka. Wanaoandika ni sisi, watu wa ofisi za sheria. Bosi anasema tengeneza mkataba wa mauzo, nafungua laptopu natafuta wa zamani, nabadilisha majina na tarehe na bei, naprinti. Huo wa zamani nao ulitoka kwa mwingine wa zamani. Nimewahi kuandaa katiba ya kampuni ya watu wawili wanaouza saruji na nondo Nzuguni, kurasa za madhumuni zimejaa mambo ya meli na madini na reli, wakasaini zote, mmoja akaniuliza dada hapa pameandikwa nini nikamwambia ni madhumuni tu ya kampuni. Nilimjibu kama yule kijana wa Mpunguzi. Siku hiyo sikulala vizuri na tangu hapo sijamjibu tena mtu yeyote hivyo.

Nimebishana na senia wangu kuhusu hili, kwa heshima, maana ndiye aliyenifundisha karibu kila ninachokijua cha vitendo. Hoja yake ina uzito na naomba niieleze kwa haki. Anasema maneno ya Kiingereza ya mkataba yameshapimwa, majaji wameyagombania miaka na miaka, ukiandika indemniti, yani ahadi ya kubeba hasara ya mwenzako, kila wakili anajua mpaka wake uko wapi. Kiswahili chetu bado. Ukiandika fidia, fidia ipi? Ya hasara iliyotokea, ya kuvunja mkataba, au ya kumkinga mwenzako asidaiwe na mtu wa tatu? Neno moja linabeba mizigo mitatu, na siku ya kesi kila upande utachukua mzigo unaoutaka.

Ni kweli kabisa. Ila mi naona tunakosea kutafuta neno moja kwa neno moja. Ukiwa unaandika mkataba kwa Kiswahili andika sentensi. Andika kwamba mnunuzi atabeba hasara yote itakayompata mkulima kama mzigo utaharibikia kwenye gari la mnunuzi, hata kama dereva ni wa kukodi. Hapo neno fidia sijaligusa na hakuna mtu atakayeuliza lina maana gani. Inakuwa ndefu kidogo, sawa, lakini ndiyo sentensi ambayo mama wa Mpunguzi akisomewa anaielewa mara ya kwanza, na hakimu naye anaielewa mara ya kwanza. Tena maneno mengine tunayo siku zote na hayana shida yoyote, dhamana, mdhamini, rehani, riba, wakala, amana, hisa, ubia, hawala. Watu wa Kariakoo na watu wa Kibaigwa wanafanya biashara za mamilioni kwa hayo maneno na wanaelewana.

Wengine wanasema wawekezaji wa nje hawatasaini Kiswahili. Basi tuandike lugha mbili, safu ya kushoto Kiswahili ya kulia Kiingereza, mbona inafanyika. Lakini angalia mwisho wa mikataba ya namna hiyo, nimeona kadhaa, kuna mstari unasema matoleo mawili yakipishana basi la Kiingereza ndilo litakalosimama. Kwahiyo yule asiyesoma Kiingereza amepewa Kiswahili cha kumtuliza. Kama upande mmoja ni mkulima au fundi au mama wa vikoba, huo mstari ugeuzwe. Mnunuzi ana mwanasheria wa kumtafsiria, mkulima hana.

Na kuna jambo naomba mawakili wenzangu, niwaite wenzangu ingawa bado sijaapa, waliangalie vizuri. Tunalalamika kila siku kuhusu vishoka, wale wanaoandika mikataba kwenye steshenari kwa elfu kumi, kumi na tano. Sheria inawakataza na kuna mfumo wa Mahakama wa e-Wakili ambao mtu anaweza kuingia akahakiki jina la wakili kabla hajampa hela yake, nawashauri wasomaji waufanye kuwa kawaida. Lakini nimewahi kuwauliza wateja, kwanini ulienda steshenari wakati ofisi za mawakili ziko pale mtaa wa pili? Bei ni sababu mojawapo. Ila mzee mmoja wa Makole aliyenunua kiwanja alinijibu kitu kingine, akasema pale kijana aliandika mi naona, tukasoma wote watatu, mimi na muuzaji na mwenyekiti wa mtaa, panapokosewa tunamwambia futa. Mkataba wenyewe ulikuwa na mapungufu ya kutisha, mipaka haikutajwa, mke wa muuzaji hakusaini, namba ya kiwanja imekosewa tarakimu. Lakini aliuelewa wote, kila neno. Sisi tunamwandikia mkataba usio na kasoro ambao haujui hata mstari mmoja. Mzee amechagua anachokielewa na mi siwezi kumlaumu.

Mwaka 2022 nchi nzima iliongelea matokeo ya Lo Skuli, wanafunzi 633 walifanya mtihani wakafaulu 26 tu kwa mara moja, mpaka waziri akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe. Wengi kipindi kile walisema vijana Kiingereza hakipandi. Inawezekana, na kukijua ni lazima, nakubali, nusu ya vitabu vyetu viko huko. Lakini sikumbuki aliyeuliza swali la upande wa pili, hao wanasheria wanaofaulu wanaweza kumweleza mkulima kipengele cha usuluhishi kwa Kiswahili kilichonyooka? Wanaweza kukiandika? Mimi nimefundishwa kuandika mikataba, nimesahihishwa mpaka nukta na mkato, na yote niliyoandika darasani ilikuwa ya Kiingereza. Mkataba wa kwanza wa Kiswahili nimeuandika mwaka huu, ofisini, bila mfano wa kuangalia.

Naomba niueleze huo, alafu nimalize.

Ile hela iliyokatwa bado tunaifuatilia kwa barua, tumeandika notisi ya madai na mnunuzi amejibu, hayo nayaacha maana hayajaisha. Lakini mama alirudi akasema wao wako kumi kijijini wanamuuzia mtu huyohuyo, na msimu unaofuata wanataka mkataba mpya ila safari hii wauelewe kabla. Senia akaniambia andika wewe, kwa hicho Kiswahili chako, nitaupitia. Nikaandika kurasa 4. Jumamosi moja tukaenda Mpunguzi, tukakaa barazani kwa yule mama, wakulima wote kumi walikuwepo, tukasalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi nyingi, tukapewa maji, nikaanza kusoma kwa sauti kipengele kimoja kimoja.

Kwenye yale matukio yaliyo nje ya uwezo wa pande zote, ambayo yakitokea mkulima halaumiwi kwa kutofikisha mzigo, nilikuwa nimetafsiri orodha ya kwenye mkataba wa zamani nikapunguza. Vita, ghasia, mafuriko, ukame, ugonjwa wa mizabibu. Dada mmoja akauliza, "Na ndege?" Nikauliza ndege gani. Wakacheka wote, akasema dada ndege hawa wanaokula, wakishuka shambani wiki ya mwisho wanaweza kuchukua nusu. Kwenye Kiingereza chetu kulikuwa na ugaidi na nyuklia. Ndege hawakuwemo. Nikaandika ndege.

Tukafika kwenye sukari. Nilikuwa nimejitahidi sana hapo, nimeandika kiwango ni kipi, nimeandika chini ya kiwango bei itapungua kwa hatua gani, nimeandika mkulima apewe karatasi ya majibu. Nilijua nimemaliza. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni kabisa, muda wote kimya, akasema, "Kipimo anashika nani?"

Nikamuomba afafanue. Akasema kipimo ni kidude kidogo, kinawekwa tone la maji ya zabibu kinaangaliwa kwenye mwanga. Ukichukua punje ya juu ya kichala iliyopigwa na jua inasoma vingine, ukichukua ya chini iliyojificha inasoma vingine. Kwahiyo nani anachagua punje, wapi, na mimi nikiwa nimesimama wapi? Senia wangu alifunga kalamu yake akamwangalia yule mzee, akaniambia andika hilo kama lilivyo. Wanasheria wawili tulikuwa tumeupitia ule mkataba mara mbili na hatukuliona, na mzee hakuwahi kuliuliza miaka yote kwa sababu hakuwahi kusikia kwamba kipengele hicho kipo.

Kwahiyo Mhariri ninachoomba ni hiki. Chama chetu cha mawakili, TLS, kitoe mifano ya mikataba ya kawaida ya biashara kwa Kiswahili kilichopitiwa na watu waliobobea, mauzo ya mazao, kazi ndogo za ujenzi, mkopo, pango la fremu, ili kijana kama mimi akifungua laptopu akute cha kuanzia. Lo Skuli waweke kwenye mtihani swali la kuandika mkataba kwa Kiswahili, likiwa na maksi watu watalisoma. Viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na wa vijiji mkataba ukija msikubali usainiwe siku uliyoletwa, ulale angalau siku 7 kijijini na kila mtu apate kopi yake. Na wewe unayesoma hapa ukiwekewa karatasi mbele uambiwe hapa bei na hapa saini, omba usomewe yote, huyo aliyeileta akisema hana muda basi na kalamu mrudishie.

Ule wa Mpunguzi sasa uko rasimu ya tatu. Mwanasheria wa mnunuzi alipiga simu kwanza kuuliza kwanini ni Kiswahili, senia akamwambia mbona na wewe unaongea nami Kiswahili, yakaisha. Wamekubali upimaji ufanyike shambani mbele ya mkulima, punje kutoka vichala vitano, juu, kati na chini, na matokeo yaandikwe palepale watu wawili wasaini. Usuluhishi umerudi Dodoma. Ndege wamekubaliwa. Tunapovutana ni siku za malipo, wao wanataka 60 sisi tunataka 14, na yule mama amenipigia jana kusema wakifika 21 nimwambie kwanza kabla sijakubali.

Mwanasheria mwanafunzi,
Nkuhungu, Dodoma